Siku Karatasi ya Tribinali Inapoingia Nyumbani

Somo la mwezi kwa makundi ya wamama, wababa na vijana. Someni kwanza: Matendo ya Mitume 24 na 25, Matayo 5:25, 1 Wakorinto 6:1-8.



Katika parokia zetu tumezoea kuombea wagonjwa, wasafiri, wamama wenye mimba, na wanafunzi wanaoingia mtihani wa Serikali. Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye hatumtaji, kwa sababu yeye mwenyewe anajificha. Ni yule aliyeshitakiwa. Anakuja ibadani, anakaa nyuma, anaimba bila sauti, anatoka mbele ya baraka ili mtu asimwulize habari zake. Siku chache zilizopita mtu wa tribinali alimletea karatasi, na tangu saa ile hakulala. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sisi tunaokaa naye kwenye benchi moja bila kujua.

Nitaanza na mama mmoja, mjane, mwimbaji wa kwaya, aliyenipa ruhusa ya kueleza mambo yake bila kutaja jina wala mtaa. Mume wake alikufa, akamwachia watoto wanne na nyumba ya vyumba vitatu hapa Lubumbashi. Matanga yalipita vizuri, shemeji zake walikuja, walilia, walikula, walirudi kwao. Mwezi wa saba baadaye, asubuhi, alipokuwa akiwasha mbabula, mtu mwenye mkoba alisimama mlangoni, akamwuliza jina lake, akampa karatasi, akamwomba atie sahihi, akaenda. Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa. Mama alitambua neno moja tu, nalo ni jina la shemeji yake mkubwa. Akaikunja, akaitia chini ya godoro.

Ilikaa pale siku nane. Katika siku hizo aliwapikia watoto bukari, yeye akasema ameshiba. Usiku alisikia moyo unapiga mpaka masikioni. Pikipiki ikisimama njiani, alifikiri ni polisi wamekuja kumtoa. Aligombana na binti yake kwa ajili ya chumvi. Sokoni alirudisha franga vibaya kwa wanunuzi, yeye ambaye wamama wengine walimwita awahesabie. Alikwenda kwa mwonaji mmoja wa mtaa, ambaye alimwambia kwamba shemeji amefunga jina lake kaburini, na kwamba kulifungua ni dola 50. Akazikopa hizo dola.

Siku ya tisa, usiku, binti yake wa darasa la tano la sekondari alibadilisha shuka, akaona karatasi, akaisoma kwa sauti. Haikuwa hukumu. Haikusema atoke nyumbani. Ilisema kwamba ndugu za marehemu wanaomba tribinali igawanye uriti wake, na kwamba yeye mjane anaitwa aje asikilizwe. Siku ya kuitwa ilikuwa kesho kutwa.

Ndugu, angalieni vizuri jambo hili, kwa maana somo zima limekaa humo. Siku nane mama aliteswa na mambo ambayo karatasi haikuyasema, na jambo moja ambalo karatasi ilisema kweli, yaani tarehe, lilikuwa karibu kumpita. Woga wake ulikuwa mkubwa, na ulikuwa umekaa mahali pasipo pake.

KARATASI INASEMA NINI

Kitu kisichosomwa kinaota pembe usiku. Basi tuisome pamoja.

Katika inchi yetu, mashauri ya nyumba, ya uriti, ya deni na ya mpaka wa parseli yanafuata sheria ya tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 1960. Ni mzee kuliko wengi wetu, lakini ndiyo inayofanya kazi. Sheria hiyo inataka mshitakiwa apewe karatasi inayoonyesha nani anamshitaki, anataka nini kwake, tribinali gani, siku gani. Watu wa tribinali wanaiita asinyasio. Kati ya siku ya kuipokea na siku ya kusimama mbele ya mwamuzi lazima zipite siku nane kamili. Siku ya kupokea haihesabiwi, na siku ya kusimama haihesabiwi. Kama unakaa mbali, inaongezwa siku moja kwa kila kilometa 100. Kwa hiyo ndugu wa Kasenga aliyeitwa Lubumbashi ana siku zaidi kuliko ndugu wa Katuba. Siku nane si nyingi, lakini zinatosha kumtafuta mtu anayejua kusoma, kumtafuta mtetezi, na kulala usiku mmoja ao miwili.

Mwenye kuleta karatasi, yule wanayemwita wisie, si polisi na si adui. Ni mtu wa kupeleka. Kumkimbia hakusimamishi shauri, kwa maana asipokukuta, sheria inamruhusu kuiacha kwa ndugu wa nyumba, ao kwa jirani, ao kwa mkubwa wa mahali. Nilimjua baba mmoja ambaye kila mara wisie akija aliingia chooni, na watoto wakasema amesafiri. Shauri lilikwenda mbele bila yeye. Alihukumiwa akiwa chooni.

Usipofika, mwamuzi anaweza kukata shauri bila kukusikia. Hata hapo njia haijafungwa yote. Aliyehukumiwa bila kuwapo ana siku 15 za kupinga, tangu alipopewa hukumu mkononi mwake. Anayetaka kupeleka shauri kwa waamuzi wa juu ana siku 30. Lakini kama ni shauri la kosa ambalo mtu anaweza kufungwa gerezani, siku ni 10 tu kwa kupinga na 10 tu kwa kwenda juu, na hizi za kwenda juu zinaanza mapema. Andikeni hesabu hizo nyuma ya Biblia zenu, pale mnapoandika tarehe za ubatizo wa watoto.

Kuna karatasi nyingine ambayo, kwa macho ya mtu mwenye woga, inafanana na hiyo: ni konvokasio ya polisi ao ya parke. Hapa wababa wengi wanaanguka, zaidi kwa ajili ya madeni. Mtu akikudai feza, jambo hilo ni la tribinali, si la gereza. Mwaka 1976 Kongo ilitia sahihi yake ya mwisho kwenye mapatano ya mataifa juu ya haki za raia, ambayo katika kipengele cha 11 yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza deni la mapatano. Lakini sisi wote tunajua namna wadai wengine wanavyofanya: wanabadilisha jina la deni, wanaliita kuvunja uaminifu ao udanganyifu, ili polisi wapate kuingia. Ukiitwa namna hiyo, usikimbie. Nenda, lakini usiende peke yako. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inasema katika kipengele cha 18 kwamba polisi hawawezi kukushika zaidi ya saa 48. Kisha lazima wakuachilie ao wakupeleke mbele ya mkubwa wa sheria anayestahili. Kipengele cha 19 kinakupa haki ya kuwa na mtetezi tangu mbele ya polisi. Najua, yaliyoandikwa na yanayofanyika si mapacha. Hata hivyo, anayejua kilichoandikwa anaulizwa kwa sauti nyingine kuliko asiyejua.

Na neno moja gumu: kama mtu alikupa mali yake uitunze, nawe ukaiuza ukala feza, hiyo si deni. Usijifiche chini ya maneno niliyosema hapo juu. Enda ukatafute mtetezi mapema, na uanze kurudisha.

MWILI WA MSHITAKIWA

Mungu aliumba mwili wa mtu ili aweze kumkimbia simba. Woga ukiingia, damu inapokea dawa za mwili wenyewe, ambazo madaktari wanaziita adrenalini na kortisoli. Moyo unakimbia, misuli inakaza, tumbo linafunga kazi. Kwa simba ni vizuri, kwa sababu jambo linaisha kwa dakika tano: umepona ao umeliwa. Lakini shauri la tribinali linaweza kukaa mwaka mzima, ao miaka, na mwili hautofautishi wisie na simba. Ndipo usingizi unapotea, tansio inapanda, mtu anasahau maneno, anakasirika kwa chumvi. Mama yetu alifikiri ameanza kurogwa. Hakurogwa. Mwili wake ulikuwa unakimbia simba usiku na mchana bila kutoka kitandani.

Basi usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba hana imani. Mpe maji, mpe chakula kidogo, mwambie atembee. Kutembea nusu saa jioni kunatoa sehemu ya ile mbio iliyofungwa ndani. Usiku, moyo ukigonga, avute pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara kumi ao ishirini. Jambo hilo linatuliza moyo, mtu anaweza kulijaribu usiku huu huu. Lutuku haisaidii. Inampa mtu usingizi wa saa mbili, kisha inamwamsha saa nane ya usiku na woga uleule pamoja na kichwa.

Mwenye tansio ao sukari asiache dawa zake ili alipe garama za shauri. Nimeona jambo hilo, na tulimzika mtu mbele ya shauri lake kukatwa. Na juu ya kufunga: mama yetu alitaka kufunga siku tatu kavu mbele ya siku ya tribinali. Mama mzee wa parokia alimkataza waziwazi, akamwambia, «Mwanangu, utaanguka mbele ya mwamuzi, na hatajua kama ni sala ao ni uongo. Sisi tutafunga kwa ajili yako. Wewe kula uji.» Nafikiri mama mzee alisema vema.

Kama mshitakiwa anaanza kusema kwamba afazali afe, ao anaaga watoto kwa maneno ya ajabu, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mtu alale naye, na asubuhi apelekwe kwa daktari. Hapo si wakati wa kubishana naye kama alikosa ao hakukosa.

PANDE MBILI ZA UKURASA

Usiku ule binti aliposoma karatasi, alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha. Alikata ukurasa wa buku lake la masomo, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika: Karatasi inasema. Upande wa pili: Moyo wa mama unasema. Akamwambia mama atoe yote.

Upande wa moyo ulijaa mpaka chini. Watanifukuza leo usiku. Watoto watachukuliwa. Kanisa litanicheka. Shemeji amenunua mwamuzi. Nitafungwa. Marehemu alikuwa na muke mwingine ambaye sikumjua. Nitaonekana mjinga kwa sababu sijui Kifaransa. Upande wa karatasi ulikuwa na maneno matatu: wanaomba uriti ugawanywe, tribinali gani, siku gani na saa gani. Mama aliangalia ukurasa ule kwa muda mrefu. Kisha, aliniambia, alicheka kwa mara ya kwanza, akaenda kupika chakula saa nne ya usiku.

Sisemi kwamba upande wa moyo ni uongo wote. Mengine katika yale yanaweza kutokea. Lakini kila moja lilipata jibu lake: hili ni la kumwuliza mtetezi, hili ni la kumwambia mchungaji, hili ni la kungoja, hili ni la upepo tu. Woga ulioandikwa unakuwa kazi, na kazi ina mwisho wake kila siku. Tangu siku ile mama alitenga saa moja, jioni, baada ya soko. Katika saa hiyo alikaa na karatasi za shauri. Mawazo yakimjia saa zingine, aliyaambia, «Mna saa yenu.» Hayakutii sikuzote, lakini yalitii zaidi kuliko mbele.

DOSIE

Dawa ya pili ya woga ni dosie. Nunua kartoni ya kukunja, tia ndani karatasi kwa kufuata tarehe, na fanya fotokopi za zote. Usimpe mtu yeyote karatasi za asili, hata avoka, hata mchungaji, pasipo lazima na pasipo sahihi ya kuonyesha kwamba amezipokea.

Mama yetu alikuwa na nini? Alikuwa na karatasi ya ndoa, kwa sababu yeye na marehemu waliandikisha ndoa yao komine. Vijana, sikieni hapa. Mnasema mahari inatosha, na mbele ya wazazi ni kweli. Lakini siku kama hii, ndoa ambayo haikuandikishwa inamlazimisha mjane kuanza kuonyesha kwanza kwamba alikuwa muke. Alikuwa pia na karatasi za kuzaliwa za watoto watatu. Ya mtoto wa nne ilitafutwa. Kuhusu parseli, alikuwa na fishi tu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema kwamba haki juu ya parseli inaonyeshwa kweli na sertifika ya uandikishaji. Wengi wetu tunakaa miaka makumi tatu na karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi na shahidi wawili ambao wamekwisha kufa. Kila mtu aangalie sanduku lake leo, wakati hana shauri.

Mtetezi anapatikana hata kwa maskini. Tangu sheria ya mwaka 1979 juu ya maavoka, chama chao kinapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure. Ulizeni kwenye jumba la tribinali. Kuna pia watetezi ambao si maavoka kamili lakini wanaruhusiwa kusimama mbele ya tribinali ya amani na tribinali kubwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba kwa biro ya mambo ya jamii ya komine yake karatasi ya kuonyesha umaskini, ili asilipe garama za tribinali. Pale nje ya tribinali, chini ya miti, mtakuta watu wa namna nyingine: komisionere, mtu mwenye kravati na simu mbili, anayejua mwamuzi, anayejua grefie, anayejua mtoto wa mwamuzi. Anakula woga wako kama panya anavyokula unga, kidogo kidogo, kila siku. Usitoe hata franga bila karatasi ya malipo yenye kashe.

AIBU

Naona aibu inaua kuliko shauri lenyewe. Kwetu mtu akisikia kwamba fulani ameitwa tribinali, anasema palepale: basi kuna kitu. Katiba yenyewe, katika kipengele cha 17, inasema kwamba mwenye kushitakiwa kwa kosa anahesabiwa kuwa bila kosa mpaka hukumu ya mwisho. Sisi wa kanisa tungepaswa kulijua hilo mbele ya wanasheria.

Je, hatukumbuki tumetoka wapi? Mwaka 1921 mtumishi Simon Kimbangu alisimama mbele ya tribinali ya kijeshi kule Thysville, mji ambao sasa unaitwa Mbanza-Ngungu. Hakupewa mtetezi. Tarehe 3 mwezi wa 10 alihukumiwa kufa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali na watu wake, hapa kwetu, wakati ule Elisabethville, akakaa gerezani mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Miaka makumi tatu. Mtu anayeimba habari zake siku ya Mungu, kisha siku ya kwanza anamcheka jirani kwa sababu amepokea karatasi ya tribinali, anaimba nini?

Mtume Paulo naye alingoja miaka miwili huko Kaisaria, na gavana mmoja akampokeza kwa mwingine. Hakukaa kimya akisema Mungu atajibu mahali pake. Alijibu yeye mwenyewe, kwa mpango, jambo kwa jambo, na alipoona shauri linapinda alitumia haki aliyokuwa nayo kama raia wa Roma, akaomba Kaisari. Kwa hiyo kumtafuta avoka si upungufu wa imani. Wengine wanachukua barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6, na kumwambia mshitakiwa asiende kujibu. Wanakosea. Barua ile inamkemea yule anayempeleka ndugu yake mbele ya tribinali. Haimkatazi aliyepelekwa kufungua kinywa.

Na ombi moja kwa vikundi vya sala. Msifanye mikesha ya kuomba washitaki wafe. Nimeisikia, kwa ngoma na kwa jina la mtu. Mama yetu alialikwa kwenye mkesha wa namna hiyo na mama mmoja aliyempenda. Alikataa, akasema shemeji yake ana watoto sita, nani atawalisha?

KUNGOJA, NA NAMNA LILIVYOKWISHA

Siku ya kwanza mama alivaa nguo yake ya kwaya, alifika saa mbili, alingoja mpaka saa saba, aliitwa, alisimama dakika nne. Shauri liliahirishwa. Alirudi nyumbani akilia kama mtu aliyeshindwa. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kwanza mara nyingi ni hivyo: mmoja hana karatasi, mwingine hana mtetezi, mwamuzi anasogeza tarehe. Kwa hiyo ninawaambia ninyi. Nendeni tribinali kama mnavyoenda shambani, na maji, na mkate, na mtu wa kushika meza sokoni. Kabla ya kutoka ndani, mwulize mtetezi tarehe mpya na uiandike. Na usiuze kitu, usihamishe kitu, usitie sahihi kwenye karatasi usiyoweza kuisoma wakati shauri lingali linaendelea, hata kama anayeileta ni ndugu wa damu.

Mama alikwenda mara sita. Kila mara mama mmoja wa parokia alikaa naye kwenye benchi. Hakusema kitu, hakujua sheria; alishika mkoba wake tu. Mama anasema kwamba jambo hilo lilimsaidia kuliko mahubiri, na mimi mwenye kuhubiri sikukasirika.

Kati ya mara ya nne na ya tano, avoka wa biro ya bure aliwaeleza wote wawili, mjane na shemeji, sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Watoto wa marehemu wanapata sehemu tatu kwa nne za uriti. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mna mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa na mume wake. Shemeji alifikiri nyumba yote ni ya ukoo. Mama alifikiri shemeji hana kitu hata kidogo. Wote wawili walikuwa wamekosea, na wote wawili walikaa kimya kwa muda. Shemeji ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwamba yeye alilipa masomo ya marehemu tangu sekondari, na kwamba tangu matanga hakuna mtu aliyemwita hata kunywa maji katika nyumba ile.

Hapo ndipo neno la Matayo kuhusu kupatana na mshitaki njiani lilipopata nafasi, si mbele. Kama wazee wangewapatanisha siku ya kwanza, kila mmoja akiwa na woga wake, mama angetoa kila kitu ili apate usingizi. Mapatano ya mtu mwenye woga ni kukimbia tu. Walikubaliana sehemu ya ndugu ihesabiwe na kulipwa kwa feza, kidogo kidogo, kutoka kwa chumba kimoja kilichopangishwa. Yaliandikwa, yakasomwa kwa Kiswahili mbele ya wote, yakatiwa sahihi, yakapelekwa kwa mwamuzi. Dola 50 za mwonaji hazikurudi.

Mama angali anashituka pikipiki ikisimama njiani. Anasema inapungua.

MAULIZO KWA MAKUNDI. Katika parokia yenu, nani anaweza kusoma karatasi ya Kifaransa usiku, bila kueneza habari asubuhi? Mjane ao mpangaji akishitakiwa kesho, nani atakaa naye kwenye benchi, na nani atashika meza yake sokoni? Ndoa ngapi katika kikundi chenu zimeandikishwa komine? Na kama mshitaki na mshitakiwa wote wawili ni wa parokia moja, mchungaji akae upande gani siku ya tribinali, ao abaki nyumbani? Andikeni majibu, mtuletee mbele ya mwisho wa mwezi.